Modemu ya masafa mafupi: yanayosemwa na yalivyo

Mizani ya samaki iko ghalani karibu na gati la Lamu, kompyuta ya hesabu iko ofisini ndani ya Mkomani, na kati yake pana mita 400 za vichochoro na kuta za matumbawe na chokaa zinazomeza Wi-Fi. Mizani ina poti ya seriali ya RS-232, yaani ile ya zamani inayotuma data biti moja baada ya nyingine, na haina kingine. Kazi ya namna hii, sawa na ile ya kipima-tangi cha petroli au mita ya jenereta ya hoteli kule Shela, hutoshelezwa na modemu mbili za masafa mafupi, yaani visanduku viwili, kimoja kila ncha, vinavyopeleka data ya poti hiyo mbali kwa waya wa shaba wako mwenyewe. Zikigoma, hulaumiwa modemu. Mara nyingi kosa liko kwenye yale ambayo fundi ameyaamini kabla hajafungua boksi.

“RS-232 haivuki mita 15.”

Kiwango cha zamani, cha mwaka 1969, kilipendekeza futi 50, na namba hiyo ndiyo iliyobaki vichwani. Matoleo ya baadaye yaliacha kuhesabu urefu yakahesabu kapasitansi, yaani chaji ambayo waya hushika: isizidi pikofaradi 2500. Kebo ya Cat5 ina takriban pikofaradi 50 kwa mita, kwa hiyo mita 30 au 40 kwa kasi ya baudi 9600 hupita bila modemu yoyote. Usinunue kifaa usichokihitaji.

Ila kuna jambo moja. Ikiwa ghala lina laini yake ya umeme na ofisi ina yake, ethi (waya wa ardhini) za majengo hayo mawili hazilingani. Tofauti hiyo hupita kwenye pini ya 5, ambayo ndiyo ethi ya poti ya pini 9, na huweza kuunguza pande zote mbili. Hapo modemu yenye transfoma kwenye laini inastahili bei yake hata kwa mita 20, kwa sababu transfoma haiachi ethi mbili zigusane.

“Modemu ni modemu, ichomeke kwenye laini ya simu.”

Modemu ya masafa mafupi haipigi namba wala haielewi amri za AT, zile za kuendeshea modemu za simu. Inataka shaba tupu kutoka ncha hadi ncha, isiyopitia swichibodi ya mtu. Laini ya simu ina volti 48 za kudumu, na simu inapoita hupanda zaidi ya hapo.

Pia usichanganye za kampuni mbili. Kuandikwa 9600 kwenye zote hakumaanishi zitaelewana: namna kila moja inavyotuma mawimbi yake kwenye waya ni siri ya aliyeitengeneza. Nunua jozi, chapa moja, modeli moja.

“Waya wowote utafaa, mradi multimita ilie kuonyesha haujakatika.”

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Modemu za nyaya nne zinataka jozi mbili zilizosokotwa, moja ya kutuma na moja ya kupokea. Kwenye Cat5, buluu na mwenzake mweupe-buluu ni jozi moja. Chungwa na mweupe-chungwa ni ya pili. Ukichukua buluu na chungwa kuwa jozi moja, multimita italia vilevile, maana shaba imeshikana mwisho hadi mwisho. Lakini msokoto haukusaidii tena, na unachotuma kitavuja kuingia kwenye jozi ya kupokea. Kwa mita 30 hutaona kitu. Kwa mita 400 herufi huanza kuharibika, hasa data inapokwenda na kurudi kwa wakati mmoja, na utabadilisha modemu tatu bila kupona.

Kipimo cha maana ni ukinzani. Chomoa modemu zote mbili, kwa kuwa transfoma zilizo ndani hupotosha kipimo. Shikanisha ncha mbili za jozi upande wa ghala, kisha pima ukiwa ofisini. Shaba ya milimita 0.5 hutoa takriban ohmu 175 kwa kilomita moja ya jozi, kwenda na kurudi, kwa hiyo mita 400 zitoe karibu 70. Ukipata 110, ama waya ni wa milimita 0.4 ama umeuziwa ile kebo rahisi ya alumini iliyovikwa shaba. Ukipata namba inayochezacheza, ni kiungo kibovu. Jozi zote mbili zikaribiane. Ikiwa moja ni 70 na nyingine 95, usiendelee mpaka ujue kwa nini. Halafu achanisha zile ncha na upime tena, kati ya waya na waya, na kati ya kila waya na ethi: pasionekane njia yoyote ya umeme.

Boksi la Cat5 huwa na mita 305, hivyo kwa umbali huu kiungo kimoja hakikwepeki. Kiweke ndani, mahali pakavu, si chini ya dirisha linalotazama bahari. Hewa ya Lamu ina chumvi, na shaba iliyo wazi hugeuka kijani upesi. Tumia viunganishi vidogo vya kubana vyenye jeli ndani. Kusokota nyaya na kuzifunga utepe ni kujitafutia kazi ya kila msimu. Kebo ipite juu kuliko mzigo wa punda, sababu gunia la mchanga huparuza ukuta mzima wa kichochoro. Na kwa vile Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, omba idhini kabla ya kutoboa ukuta wa nje.

“Data haipiti? Geuza waya wa 2 na wa 3.”

Wakati mwingine ni kweli, lakini kuna sehemu mbili tofauti za kugeuza na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kwenye laini: jozi ya kutuma ya modemu hii iingie kwenye jozi ya kupokea ya ile. Hugeuzwa mara moja tu. Fundi wa ghalani akigeuza na wa ofisini naye akigeuza, mmerudi mlikotoka.

Ya pili ni kwenye poti. Kompyuta hutuma kwa pini ya 3 na kupokea kwa pini ya 2. Modemu imepangwa kinyume chake, ndiyo maana kebo ya kati yao huwa ya moja kwa moja, 2 kwa 2 na 3 kwa 3. Mizani ndiyo tatizo: nyingine zimepangwa kama kompyuta, nyingine kama modemu. Usikisie. Washa mizani ikiwa peke yake, weka multimita kwenye volti za DC, waya mweusi kwenye pini ya 5, mwekundu uguse pini ya 2 kisha ya 3. Pini inayotuma, ikiwa imetulia, husoma volti hasi, kwa kawaida kati ya 5 na 12. Hasi ikiwa kwenye 3, kebo ya moja kwa moja inafaa. Ikiwa kwenye 2, tumia kebo ya kugeuza, au kama modemu ina swichi ya DTE (mpangilio wa kompyuta) na DCE (mpangilio wa modemu), isogeze.

Mizani yenye nyaya tatu tu (kutuma, kupokea na ethi) haiwezi kuinua RTS, ishara ya kuomba kutuma. Modemu iliyopangwa kutuma mawimbi pale tu RTS inapopanda itakaa kimya milele. Kwa vifaa viwili tu, weka mawimbi yawe ya kudumu. Programu ya kompyuta ikiwa inasubiri CTS (ruhusa ya kutuma) na haipewi, unganisha pini 7 na 8 kwenye plagi ya kompyuta; ikisubiri DSR (modemu iko tayari) au DCD (mawimbi yanasikika), unganisha 4, 6 na 1.

Hizo nyaya tatu ndizo pia zinazoumbua wanaosema modemu ndogo haitaki umeme. Inautaka, inaiba kidogo kutoka TX (pini ya kutuma), RTS na DTR (ishara kwamba kifaa kiko tayari). Hizo mbili za mwisho zikikosekana, au adapta ya USB ikiwa dhaifu, modemu hufanya kazi kidogo kisha huzima. Nunua iliyo na tundu la adapta.

“Taa zote zinawaka, basi laini ni nzima.”

Taa ya mawimbi husema tu kwamba modemu ya pili inasikika. Hakikisha hatua kwa hatua ukianzia kwenye kompyuta. Fungua programu ya kuandikia poti, zima ile sehemu inayojirudishia herufi yenyewe (ikiwa imewashwa utadanganyika), weka 9600, biti 8, bila pariti (biti ya kukagua makosa), stopu 1. Shikanisha pini 2 na 3 mwishoni mwa kebo ya kompyuta na uandike: herufi zirudi. Kisha ondoa kipande hicho, chomeka modemu, bonyeza swichi ya majaribio ya karibu, inayorudisha herufi kutoka modemu hiyo hiyo. Kisha ya mbali, inayozirudisha kutoka modemu ya pili. Mwisho, mtu wa ghalani achomoe mizani na kushikanisha 2 na 3 kwenye poti ya modemu yake. Hatua inayokataa ndiyo yenye kasoro, na huhitaji kugusa nyingine.

Kisichorudi kabisa ni waya au umeme. Uchafu wa alama zisizosomeka ni kasi au pariti zisizolingana. Herufi moja moja zinazopotea ni laini, na hapo tu ndipo kushusha baudi kuna maana.

Kebo yenye ngao, ngao hiyo ifungwe ethi upande mmoja tu. Kabla mvua za Aprili hazijaanza, weka kikinga-radi kila ncha, na waya wake wa ethi uwe mfupi na mnene, uende moja kwa moja kwenye fimbo ya ethi ya jengo lile lile.