Metformini na kifo cha seli: je, vidonge vya kisukari vinaua seli zako?

Nimesikia metformini "inaua seli". Niache kuimeza?

Usiache, tafadhali. Kinachozungumziwa ni kifo cha seli kilichopangwa, jambo linalotokea mwilini kila siku hata kwa asiyemeza dawa yoyote. Seli iliyochakaa au yenye kasoro hujivunja vipande vidogo, na seli nyingine zikavimeza bila kuacha uvimbe wala kidonda.

Dawa inaingiaje hapo?

Ndani ya seli mna mitokondria, zinazotengeneza nishati. Metformini huzipunguzia kasi kidogo. Nishati ikishuka, seli huwasha kimeng'enya kiitwacho AMPK, nacho huiamuru ibane matumizi na ipunguze kukua. Kinachonivutia mimi ni kwamba amri hiyo haipokelewi sawa na kila seli. Maabarani, seli za kuta za mishipa ya damu zilizowekwa kwenye sukari nyingi hufa kwa uchache zaidi zikipewa metformini. Seli za saratani, ambazo hazijui kupumzika, mara nyingi huelemewa: protini ya Bcl-2 inayozuia kifo hupungua, kisha kaspasi, vimeng'enya vinavyoikatakata seli kwa ndani, huanza kazi.

Basi inatibu saratani?

Hapana, na hapa ndipo watu wanapopotoshwa. Mwaka 2005 watafiti wa Dundee, Scotland, waliona kuwa wagonjwa wa kisukari waliotumia metformini walipata saratani kwa uchache zaidi, na matumaini yakapanda. Lakini majaribio mengi ya maabara hutumia kiwango cha dawa kinachozidi mara nyingi sana kile kinachofika kwenye damu ya mgonjwa. Ilipopimwa kwa watu, katika utafiti wa MA.32 wenye wagonjwa 3,649 wa saratani ya matiti wasio na kisukari, matokeo ya mwaka 2022 yalionyesha kuwa haikuzuia ugonjwa kurudi kuliko kidonge kisicho na dawa. Anayekuuzia metformini kama tiba ya saratani anakudanganya.

Ni nani awe mwangalifu?

Mwenye figo dhaifu, kwa sababu dawa hii hutoka mwilini kupitia figo. Ikirundikana, tindikali inaweza kuzidi kwenye damu. Pima figo walau mara moja kwa mwaka. Ukitapika au kuharisha hadi kuishiwa maji, zungumza na daktari kabla ya kumeza kidonge kinachofuata.