Kabla ya Kuweka Kidole Gumba: Mzee Anapoombwa Kujiunga na Majaribio ya Chanjo

Mama mmoja wa miaka 68 alikuja kwetu, kwenye kituo cha utafiti wa chanjo, akifuatana na mwanawe. Kijana akaivuta fomu ya ridhaa, akatoa kalamu na kuuliza asaini wapi. Nikamwambia, kaka, hapa anasaini mama peke yake. Mama alikuwa ameketi pembeni, kanga mabegani, kimya, kana kwamba shauri lile halimhusu. Nikamwamkia upya na kumuuliza yeye mwenyewe ameelewa nini. Akasogeza kiti mbele: "Marahaba, mwanangu. Mimi nimeambiwa tunakuja kuchanjwa."

Hapo ndipo penye kosa ninalokutana nalo mara nyingi kuliko yote. Kuchanjwa ni kupewa kitu ambacho kimeshapimwa na kuidhinishwa. Kujiunga na majaribio ni kukubali kuwa mmoja wa watu ambao kwao tutajua kama chanjo inafaa. Huenda ikakukinga, huenda isikukinge. Huenda hata usiipate, kwa sababu washiriki hugawanywa kwa kura ya kompyuta: wengine hupewa chanjo inayopimwa, wengine chanjo nyingine au maji ya chumvi yasiyo na dawa. Wewe hujui umechomwa ipi, na mara nyingi hata muuguzi anayekupima hajui. Kwa hiyo anayejiunga asiache kujikinga kama alivyokuwa akijikinga jana.

Basi kwa nini tuwasumbue wazee, vijana wapo? Kwa sababu mwili wa mzee haupokei chanjo kama wa kijana. Kifuani, nyuma ya mfupa wa kidari, kuna tezi iitwayo thaimasi ambako baadhi ya chembe za kinga hukomaa. Tezi hiyo huanza kusinyaa mapema, na mtu akifika uzeeni imebaki kidogo sana. Chembe za kinga zinazokumbuka magonjwa ya zamani bado zipo, ila zile mpya za kujifunza adui mgeni zimepungua.

Mfano ninaoupenda ni mkanda wa jeshi, yale malengelenge yanayozunguka ubavu upande mmoja na kuunguza kama moto. Mwaka 2005 yalitangazwa matokeo ya majaribio ya Marekani yaliyohusisha zaidi ya watu 38,000 wenye miaka 60 na kuendelea. Chanjo ilipunguza ugonjwa kwa takriban nusu, lakini kwa waliofikisha miaka 70 ilipunguza kwa asilimia 38 tu. Baadaye ikaja chanjo nyingine, iliyotiwa kichocheo maalumu cha kuamsha kinga, nayo ikapimwa kwa wazee wa miaka 70 na zaidi. Ikawakinga karibu asilimia 90. Hilo lisingejulikana kwa kuwapima vijana.

Wazee wakikosekana, gharama yake tumeiona. Januari 2021 kamati ya chanjo ya Ujerumani ilipendekeza chanjo ya UVIKO-19 ya Oxford na AstraZeneca wapewe walio chini ya miaka 65 pekee. Haikuwa imeonekana kuwadhuru wazee. Tatizo ni kwamba katika takwimu zilizokuwa mezani, washiriki wa miaka 65 na zaidi walikuwa 660 tu, na walioambukizwa ni mmoja katika kundi la waliochanjwa na mmoja katika kundi la kulinganisha. Kwa hesabu hiyo hakuna anayeweza kusema inakinga au haikingi. Machi, takwimu nyingine zilipopatikana, pendekezo likabadilishwa. Wiki zote hizo chanjo hiyo iliwapita watu ambao ugonjwa ulikuwa ukiwaua zaidi.

Hata sasa si kila mlango uko wazi kwa mzee. Majaribio makubwa ya chanjo ya kifua kikuu iitwayo M72, yaliyoanza mwaka 2024 Afrika Kusini, kisha nchi nyingine ikiwemo Kenya, yalichukua watu wa miaka 15 hadi 44. Mzee aliyekataliwa pale hakudharauliwa, ndivyo utafiti ulivyopangwa. Lakini nasema wazi, kama mtafiti: tunawaacha wazee nje kwa wepesi mno, kwa hoja kwamba wana presha, wana sukari, wanatumia dawa nyingi. Wazee wetu wengi ndivyo walivyo, na chanjo ikipita itapelekwa kwao hao hao.

Ukiitwa, sema dawa zako zote. Za presha, za sukari, za kuyeyusha damu (hizi hasa, maana sindano ya msuli inaweza kukuvujisha damu), na mitishamba pia. Wengi huificha mitishamba wakidhani daktari atawagombeza. Mwambie, kwa usalama wako. Na usijiunge na tafiti mbili za chanjo au dawa kwa wakati mmoja.

Kuhusu damu, najua habari za mumiani tulizokua nazo, na mwenye hofu hiyo simcheki. Uliza ni mililita ngapi, mara ngapi, na inapelekwa wapi. Imeandikwa ndani ya fomu. Mchangiaji damu hospitalini hutoa kama mililita 450 kwa mara moja. Vipimo vya utafiti wa chanjo kwa kawaida huchukua sehemu ndogo ya hiyo kila ziara.

Uliza pia ni nani ameruhusu. Tanzania Bara, majaribio hupitiwa na kamati ya maadili ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba hutoa kibali. Kenya, Bodi ya Famasia na Sumu inahusika. Nauli ya ziara hurudishwa. Ukidhurika kwa sababu ya utafiti, matibabu ni juu ya wenye utafiti, na fomu lazima ieleze hivyo. Ukitaka kujitoa katikati, unajitoa bila kutoa sababu, na kliniki yako ya kawaida inaendelea kukuhudumia kama zamani.

Asiyejua kusoma husomewa fomu yote mbele ya shahidi asiye mfanyakazi wa utafiti, ndipo anaweka kidole gumba. Watoto na wajukuu wakae karibu, waulize, wasaidie kupima joto jioni na kuandika kwenye daftari kama mkono umevimba. Ila mzee mwenye akili timamu hasemewi, wala kwa kukubali wala kwa kukataa.

Yule mama tulimpa fomu aende nayo nyumbani. Alirudi siku ya tatu, safari hii na mjukuu wa kike, akiwa na maswali matano kichwani. La mwisho lilikuwa: nikizidiwa usiku, nampigia nani? Nikamfungulia ukurasa wa mwisho, penye namba mbili: ya daktari wa utafiti, inayopokelewa saa 24, na ya kamati ya maadili, ambayo haiko chini yetu na ndiko angetushtaki. Akamwambia mjukuu azinakili zote kwenye simu, akamsubiri amalize, kisha akaomba wino.