Baridi haikupinda shingo ya gitaa lako

Wiki hii nimeletewa gitaa la tatu ambalo mwenyewe amekaza trasi rodi, ile nondo nyembamba ndani ya shingo inayodhibiti mpindo wake, hadi pembe za nati yake zikalika. Maelezo ni yale yale: "Fundi, baridi imeingia, shingo imepinda, gitaa halikai tyuni, nikaamua kukaza." Nawaomba mnisikilize. Joto na baridi vinacheza na nyuzi. Mbao zinacheza na unyevu. Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na ukitumia dawa ya moja kwa jingine ndipo unaponiletea nati iliyolika.

Nyuzi kwanza. Kwa joto lile lile, chuma hutanuka mara mbili au tatu kuliko mbao ya shingo inavyotanuka kwa urefu wake. Kukiwa na joto uzi unalegea na sauti inashuka. Kukiwa na baridi unajikaza na sauti inapanda. Joto likipanda kwa digrii 10 za Selsiasi, uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote, wa inchi 0.010, unashuka kama senti 10, yaani sehemu ya kumi ya nusu toni. E ya chini, yaani uzi wa sita ulio mnene kuliko wote, inashuka karibu mara tatu ya hapo. Hapa wengi hubisha, kwa sababu wanaona uzi mwembamba ndio dhaifu. Uzi mnene ni kiini chembamba kilichozungushiwa waya, na kiini hicho peke yake ndicho kinachobeba mvutano. Kwa unene wake hakijavutwa sana kama uzi wa kwanza, kwa hiyo badiliko dogo la urefu linakula sehemu kubwa zaidi ya mvutano wake. Isitoshe, taa za jukwaani hupasha uzi kwa dakika chache huku mbao bado ni ya baridi. Liache gitaa chumbani nusu saa, kisha tyuni. Lenye daraja linaloelea, yaani lililoshikiliwa na springi, utalizungukia mara mbili tatu, kwani kila uzi unaougusa unasogeza wenzake. Trasi rodi haihusiki hata kidogo.

Sasa mbao. Kwa urefu karibu haisogei. Kwa upana inavimba na kusinyaa. Baridi inasingiziwa kwa sababu huja pamoja na hita. Chukua hewa ya nje ya digrii 0 yenye unyevu wa asilimia 80, iingize ndani na uipashe hadi digrii 20 bila kuongeza maji: unyevu wake unabaki asilimia 20 hivi. Humo ndimo gitaa linamolala miezi mizima. Pitisha kiganja polepole ukingoni mwa shingo, kuanzia freti ya kwanza kushuka; freti ni vile vijichuma vilivyokatiza shingo. Ukihisi ncha zinachoma kama meno ya msumeno, freti hazijakua; ubao ndio umesinyaa ukaziacha nje. Mimi sishiki tupa siku hiyo. Naliweka gitaa kwenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55 kwa wiki mbili, na mara nyingi ncha zinarudi zenyewe.

Upande ambao shingo itaelekea ndio unaonikera zaidi, maana vitabu huuandika kama sheria: ukavu unainyoosha, unyevu unaiinamisha mbele. Mara nyingi huwa hivyo. Lakini nimewahi kutundika shingo mbili za mbao ya mepo (maple) ukuta mmoja, msimu mmoja, moja ikaenda mbele na nyingine ikarudi nyuma. Mkao wa nyuzinyuzi za mbao una kauli yake, na upande uliopigwa vanishi haunywi unyevu sawa na ubao wa freti ulio wazi. Kwa hiyo nimeacha kubashiri, napima. Nyuzi zikiwa tyuni kamili, si zimelegezwa, bana uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na ya mwisho, kisha tazama nafasi iliyo juu ya freti ya saba. Ikiwa kati ya milimita 0.2 na 0.3, acha. Ikiwa haimo, zungusha robo duara tu, tyuni upya, upime tena kesho. Kesho, kwa sababu mbao haitii amri papo hapo.

Na pikapu, zile sumaku zenye waya wa shaba zinazonasa mtikisiko wa nyuzi, ukizipima kwa mita ukakuta namba imebadilika? Hazijafa. Shaba huongeza ukinzani kwa karibu asilimia 0.4 kila digrii, hivyo pikapu yenye ukinzani wa kiloomu 7 itasoma kama 7.3 joto likipanda digrii 10. Ni ile ile.

La mwisho, gitaa likitoka baridini usifungue kesi hapo hapo. Umande utatua kwenye nyuzi na freti ulete kutu, na vanishi ya nitro (nitroselulosi) inaweza kupasuka nyufa nyembamba kama ganda la yai lililogongwa. Subiri hadi kesi isisikike baridi ukiigusa kwa nje, kisha uipe saa nyingine, kwa maana sponji ya ndani huchelewa kupata joto.