Kwa nini miwa huhitaji mkataba na mahindi hayahitaji

Mkulima wa mahindi kule Bungoma, magharibi mwa Kenya, asiporidhika na bei ya leo, hukausha mahindi yake vizuri, akayaweka ghalani na kungoja. Mwenye miwa Mumias hana nafasi hiyo. Mua ukishakatwa huanza kupoteza maji na sukari, na ni mzito mno kupelekwa mbali bila nauli kumeza faida. Isitoshe, shamba limeshakaliwa na mmea huo zaidi ya mwaka mzima.

Mwaka 1937, mwanauchumi Mwingereza Ronald Coase aliuliza: kama soko linatosha, kampuni ni za nini? Alijibu kwamba soko nalo lina gharama: kutafuta bei, kupatana, kuandikiana mkataba. Gharama hizo zikizidi, kazi huingizwa ndani ya kampuni, ikaamuliwa na meneja. Oliver Williamson, aliyetunukiwa Nobel ya uchumi mwaka 2009 pamoja na Elinor Ostrom, alituelekeza kwenye mali isiyo na thamani kubwa ila kwa mnunuzi mmoja. Ukishawekeza kwenye mali hiyo, mwenzako anaweza kukubana.

Katika sukari, kila upande unaweza kubanwa. Mitambo ya kusaga miwa haina kazi nyingine, na bila miwa inakaa bure. Ndiyo maana Mumias, kampuni ya sukari iliyoundwa mwaka 1971, ilikuwa na shamba lake yenyewe, huku miwa mingine mingi ikitoka kwa wakulima wa jirani waliopewa mbegu na mbolea kwa mkopo wa kukatwa kwenye malipo.

Mpango huo ulikuwa na busara. Udhaifu wake, kwa maoni yangu, uko kwenye usafiri. Kwa miaka mingi mkulima amelipwa kwa uzito, na uzito hupimwa kwenye mzani wa kiwanda. Pale kiwanda kinapopanga trekta zije lini, kikichelewa siku nne, mua unakauka shambani na tani zinazopungua ni za mkulima. Anayeamua siye anayeumia. Katika hali hiyo hata meneja mwema hana msukumo wa kuharakisha.

Malipo nayo yakichelewa, kiwanda kingine kinakuja na pesa taslimu. Chenyewe hakikutoa mbolea, kwa hiyo kinaweza kuongeza bei kidogo. Ununuzi huo tunauita wizi wa miwa, na kweli aliyekopesha anapata hasara. Lakini polisi barabarani hawatautibu mkataba unaomwacha mkulima akidai kwa miezi.

Mumias iliwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa mali ya kampuni iliyoshindwa kulipa madeni, mwaka 2019, na wakulima waliokuwa wakiitegemea walijua maana ya kuwa na mnunuzi mmoja.

Viongozi wa vyama vya ushirika, kabla hamjajadili bei ya tani, dai hili litangulie: mkataba utaje saa ngapi baada ya kukata mua ufike mzanini, na zikipita, kiwanda kifidie uzito uliopotea. Mwakilishi wenu awepo pale mzanini, tena alipwe na chama.