Bendi ya roki "kupata sauti yake": mfano wa Beatles

Wapenzi wa roki wanaposema kwamba bendi fulani imepata sauti yake, hawazungumzii koo la mwimbaji peke yake. Wanamaanisha mpangilio mzima unaomwezesha msikilizaji kuitambua bendi hiyo papo hapo: nani anaongoza na nani anaitikia, magitaa yanaliaje, ngoma zinapigwa kwa uzito na kasi gani. Mpangilio huo hauzaliwi pamoja na bendi, na nyimbo za mwanzo ndizo zinazoonyesha jinsi ulivyotafutwa.

Wimbo "Love Me Do", uliotoka Uingereza mnamo Oktoba 1962, unalionyesha jambo hili waziwazi, kwani Beatles waliurekodi mara tatu katika studio za kampuni ya rekodi ya EMI jijini London, kila mara ngoma zikipigwa na mtu mwingine. Mwezi Juni alipiga Pete Best. Tarehe 4 Septemba alipiga Ringo Starr. Wiki moja baadaye aliletwa Andy White, mpigaji wa kukodiwa, naye Ringo akakabidhiwa tari. Anayetaka kutofautisha rekodi mbili za Septemba asikilize tari tu: ikisikika, ngoma ni za White.

Hata ugawaji wa sauti ulibadilishwa studioni. John Lennon, mmoja wa waimbaji wa bendi, alikuwa ndiye anayeimba peke yake maneno yanayobeba jina la wimbo, lakini harmonika, ala ndogo ya kupuliza kwa mdomo ambayo pia aliipiga yeye, ilitakiwa kuingia kabla hajamaliza neno la mwisho, hivyo mstari huo ukahamia kwa mwimbaji mwenzake Paul McCartney, ambaye baadaye alikiri kwamba woga wake unasikika humo.

Kwa maoni yangu, sauti yenyewe ilipatikana katika wimbo uliofuata, "Please Please Me", ambao hapo awali ulikuwa wa polepole, mpaka mtayarishaji George Martin alipowashauri wauharakishe. Rekodi ya tarehe 26 Novemba 1962 ina mwendo wa kasi na sauti za Lennon na McCartney zilizobanana, moja ikishuka huku nyingine ikishikilia noti ileile. Harmonika nayo imo, na wakati ule ungedhani ndiyo alama ya bendi hii. Lakini kuanzia mwaka 1965 ilisikika kwa nadra sana katika nyimbo zao, ilhali kuimba kwa kubananisha sauti kuliendelea.