Takwimu si namba yoyote uliyoisikia

Juzi nlikuwa kwenye kikao cha bajeti ya kaunti ya Mombasa upande wa Likoni, vile vikao vya wananchi kutoa maoni. Kijana mmoja akasimama na karatasi imekunjwa mara nne, akasema kwa sauti kabisa, takwimu zasema asilimia 18 ya watoto wa hapa Likoni wamedumaa, yaani kimo chao kimebaki nyuma ya umri wao. Afisa aliyekaa mbele akamuuliza kitu kimoja tu: hizo ni za wapi? Kijana akaikunjua karatasi, akaitazama, akaikunja tena, akakaa. Hoja ikafa pale pale na ilikuwa hoja ya haki. Nimeshachoka kuyaona haya, ndo maana naandika.

Takwimu kwa haraka ni hesabu zilizokusanywa kwa utaratibu, zikapangwa mpaka zikasema jambo kuhusu kundi la watu. Data ndo zile mbichi, yaani urefu wa mtoto mmoja ulioandikwa kwenye fomu moja. Basi, hapo hapana ugumu.

Lakini neno lenyewe tulikalie kidogo manake ndani yake mna jibu la yule afisa. Ni la Kiarabu, taqwim, na yeyote aliyepita chuoni, yaani madrasa, alilisoma akiwa mdogo kwenye Suratu Tin, fii ahsani taqwiim, mwanadamu ameumbwa kwa umbo lililo bora, limenyooka sawasawa. Mzizi wake ni kusimama na kunyooka. Ukoo huo huo ndo umetupa kukimu swala, umetupa kaimu ambaye ni mtu aliyesimama mahali pa mwengine, umetupa kiyama, na hata kima tunaposema kima cha chini cha mshahara. Kwa hivyo takwimu si namba iliyolala tu kwenye karatasi, ni namba iliyonyoshwa ikasimama, na kitu hakisimami hewani, lazima kiwe na mahali kiliposimama.

Na kuna maana nyengine ndo naipenda zaidi. Taqwim kwa Waarabu mpaka leo ni kalenda pia. Sasa fikiria ile kalenda ya saa za swala iliyobandikwa ukutani nyumbani kwenu Mombasa, mtu aichukue aende nayo Nairobi mwezi wa Ramadhani afuturu kwa saa zile. Huku kwetu jua latua mapema kuliko Nairobi, kwa hivyo atafungua saumu jua bado lipo. Kalenda haina kosa hata dakika moja, kosa ni kuitumia mji ambao si wake. Na ukiitumia ya mwaka jana mwanzo wa Ramadhani wenyewe utaukosa.

Ile 18 ya kijana ni hivyo hivyo. Ni namba ya kweli, imetoka kwenye utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022, ni ya watoto wa chini ya miaka 5, Kenya nzima. Mwaka 2014 ilikuwa 26, kwa hivyo imeshuka vizuri. Ila si ya Likoni. Watu wauchukua utafiti ule kama sensa na hapo ndo naumia, manake sensa ya 2019 ilitaka kila mtu ahesabiwe, Mombasa tukatoka 1,208,333, lakini utafiti wa afya haugongi kila mlango. Walichagua maeneo 1,692 nchi nzima, kila eneo nyumba 25, gawanya kwa kaunti 47 upate wastani wa maeneo 36 kwa kaunti. Mombasa ina wadi 30. Hata tungegawana sawa wadi moja ingepata eneo moja na kidogo, nyumba hazifiki hata 35, na si kila nyumba ina mtoto mdogo. Yatosha kusema juu ya kaunti, haitoshi kusema juu ya Mtongwe, wadi moja ya Likoni.

Wengine wachukua rejesta ya zahanati waiite takwimu za mtaa. Rejesta yahesabu waliofika. Wakati wa chikungunya, mwisho wa 2017 kuingia 2018, mtaani kwetu watu walilala ndani na panadol viungo vikiwauma hata kusimama hawawezi, hawakwenda popote, na hakuna kitabu kilichowaandika.

Sisemi tunyamaze, wallahi sisemi hivyo. Tazameni Owino Uhuru pale Mikindani, kiwanda kilikuwa chayeyusha betri kuukuu katikati ya makaazi ya watu. Mwanaharakati Phyllis Omido na wenzake wangesimama na wastani wa Mombasa nzima wasingeonyesha chochote, sumu ingepotelea kwenye watu milioni moja na zaidi. Walichokuwa nacho ni damu ya watu wa kijiji kile iliyopimwa ikakutwa na madini ya risasi. Mahakama ya mazingira ya Mombasa mwaka 2020 ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaenda mpaka Mahakama ya Juu. Namba zile zilikuwa zimesimama pale pale pa watu wanaolia.

Sasa ndugu yangu wa karatasi iliyokunjwa, hukudanganya. Ila siku nyengine anza na namba ya Mombasa, imo kwenye ripoti ile ile, na usipoipata Kifungu cha 35 cha Katiba chakupa haki ya kuiomba serikalini. Halafu sema: Kenya nzima mwaka 2022 ni watoto 18 kwa 100, kaunti yetu ni kadhaa, sisi Mtongwe hatujapimwa, twaomba bajeti hii iweke pesa tupimwe. Na taja ubao wa kupimia urefu, manake ule utepe wa rangi tatu wanaozungusha kwenye mkono wa mtoto wapima kukonda, kudumaa hauoni. Makadirio ya bajeti yatakiwa yafike bunge la kaunti kabla Aprili 30 haijapita, kwa hivyo enda mapema, na afisa akiuliza tena hizo ni za wapi, mwambie ni za wapi.