Bunduki ya risasi moja na bunduki ya risasi moja moja

Mtu anashika bunduki ya nusu otomatiki, anavuta kifyatulio, inatoka risasi moja, anavuta tena, inatoka nyingine, kisha anatangaza kwamba hiyo ni "bunduki ya risasi moja". Sivyo. Hiyo ni ya risasi moja moja, na kosa hili nimelisikia hata kwa watu wanaouziana silaha za kale na waliopaswa kujua zaidi. Bunduki ya risasi moja ni ile isiyo na magazini, yaani kisanduku cha akiba ya risasi, wala mahali pengine popote pa kuweka akiba. Risasi iliyomo kwenye chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu inamokaa, ndiyo pekee iliyo nayo, na ukishaipiga, mkono wako ndio utakaoleta nyingine. Jiulize risasi ya pili iko wapi. Ikiwa iko mfukoni au kwenye mkanda wako, basi umeshika bunduki ya risasi moja.

Hapa nazungumzia bunduki za kale za risasi moja, na neno "kale" halihitaji maneno mengi. Kwa sheria ya Marekani, kwa mfano, mpaka wake ni bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla ya hapo.

Gobore je? Nalo hupiga mara moja tu, ndiyo maana watu huliweka kundi moja na hizi. Lakini gobore hujazwa kwa mdomo wa mtutu: unamimina baruti, unatia kichwa cha risasi, unashindilia kwa mdeki, kisha unaweka fataki ya kuiwasha baruti. Wakusanyaji wanaposema bunduki ya risasi moja wana maana ya ile inayofunguka nyuma ya mtutu na kupokea risasi kamili, yaani ganda, fataki, baruti na kichwa vikiwa kitu kimoja. Hatua ya kutoka huku kwenda kule haikuwa ndefu. Mwaka 1866 Uingereza ilichukua magobore yake ya Enfield, ikayakata nyuma na kuyatia mlango wa kufungua nyuma ya mtutu, uitwao Snider, na mtutu uleule ukaanza kupokea risasi za ganda.

Tofauti hiyo iliwahi kupimwa hadharani. Mwaka 1874, katika uwanja wa Creedmoor karibu na New York, timu ya Ireland ilikuja na bunduki za Rigby zinazojazwa kwa mdomo, Wamarekani wakaja na Sharps na Remington zinazofunguka nyuma. Walipiga kutoka yadi 800, 900 na 1,000. Wamarekani walipata pointi 934, Waairishi 931, na pigo moja zuri la Mwairishi lilitua kwenye shabaha ya jirani likahesabiwa sifuri. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba gobore lilishindwa kwa kukosa shabaha. Lilikuwa likilenga sawasawa na wapinzani wake. Lililozidiwa ni wepesi wa kujaza na kusafisha.

Sasa nifike kwenye Martini-Henry, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayosemwa vibaya kuliko zote. Kwa sababu ina wenzo chini ya kifyatulio na jina la Henry, wengi huidhania kuwa ndugu wa bunduki ya Henry ya Marekani ya mwaka 1860. Ile ya Marekani ilibuniwa na Benjamin Tyler Henry, na wenzo wake huvuta risasi kutoka kwenye bomba lililo chini ya mtutu lenye risasi 16. Henry wa Martini-Henry ni mtu mwingine kabisa: Alexander Henry, fundi bunduki wa Edinburgh, aliyebuni michirizi saba ya ndani ya mtutu. Mtambo wa nyuma ulitoka kwa Henry Peabody wa Boston, ukaboreshwa na Friedrich von Martini nchini Uswisi, na jeshi la Uingereza likaipokea bunduki hiyo mwaka 1871.

Ukiishika utaelewa. Unashusha wenzo, kizibo cha chuma kinachofunga nyuma ya mtutu kinainama upande wa mbele, ganda tupu linarushwa nyuma. Unalaza risasi mpya juu ya kizibo, pale palipochongwa mfereji, unaisukuma kwa kidole gumba, unapandisha wenzo. Imeshajikoki yenyewe, yaani iko tayari kufyatuliwa, na kijiti kidogo chenye umbo la tone upande wa kulia kinakuonyesha hivyo. Hakuna nyundo ya kufyatulia nje. Katika Sharps kizibo hushuka wima badala ya kuinama, na nyundo iko nje unaikoki mwenyewe. Ile ya Remington hujiviringisha nyuma kwenye pini. Zote tatu ni za risasi moja, lakini kuziita zote "Martini" ni kuwanyima haki waliozibuni.

Upande mwingine, watu huinyima jina la bunduki ya risasi moja Mauser ya Kijerumani ya mwaka 1871 kwa kuwa ina bolti, yaani kile chuma cha kuvuta na kusukuma kinachofunga nyuma ya mtutu. Bolti haileti akiba. Mauser hiyo haina magazini, kila risasi inatiwa kwa mkono, na askari wengi wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki bado walikuwa nayo vita vilipoanza mwaka 1914.

Wapo pia wanaodhani kwamba bunduki ikibeba risasi moja tu lazima iwe na nguvu ya kuhimili chochote. Jina linaeleza namna ya kujaza, halisemi lolote kuhusu uimara. Springfield ya mwaka 1873, bunduki ya Marekani ya risasi moja, ilitengenezwa kwa risasi ya .45-70, yaani kipenyo cha inchi 0.45 na grain 70 (kipimo kidogo cha uzito) za baruti nyeusi. Risasi za leo za jina hilohilo, zilizotengenezwa kwa bunduki mpya zenye nguvu, huingia vizuri kabisa kwenye chemba ile ya zamani, na zinaweza kuipasua usoni mwa mpigaji.

Kwa hiyo ukiona Mauser ya 1871 mnadani imeandikiwa "gobore la Kijerumani", usigombane na muuzaji. Mwombe avute bolti, atazame risasi inaingilia wapi, kisha atafute mahali pa kuweka ya pili. Asipopapata, atabadilisha maandishi mwenyewe.